Mafundo Chini ya Manyoya ya Buko

Kila asubuhi, Lola, yaani bibi yangu, akishamaliza kahawa yake na kula kipande cha mwisho cha mkate, alikuwa anajipiga paja mara mbili. Buko alijua maana yake. Hata kama alikuwa amelala fofofo chini ya cherehani, aliinuka, akajinyoosha, akaja mbio na kumrukia mapajani. Lola alichukua chanuo lake la chuma akaanza kumchana, kuanzia miguuni kwenda juu, akiyatenga manyoya kwa vidole mpaka ngozi ionekane.

"Unachana mpaka huko ndani kwa nini, Lola?" nilimuuliza siku moja. "Kwani nani atapaona?"

"Na wewe ukioga unaosha uso peke yake?" alinijibu. "Maana huko kwingine nako hakuna anayekuona."

Buko ni mbwa mdogo mwenye manyoya marefu, meupe kama nyama ya dafu, na hilo ndilo jina lake kwa lugha yetu. Majirani zetu hapa mjini Iloilo walikuwa wakipita mlangoni wanatania: "Ee, huyo mbwa ana nywele nzuri kuliko mjukuu wako!" Mimi nilikasirika kidogo, lakini ukweli ni kwamba walikuwa hawajakosea.

Lola alifariki mwezi wa sita, mvua zilipoanza. Alianguka sokoni akichagua samaki, na moyo wake haukuamka tena. Jeneza lilikaa sebuleni kwetu siku saba. Watu walikuja kutwa kucha, wakasali, wakanywa kahawa, wakacheza karata na kutafuna karanga ili marehemu asibaki peke yake. Siku zote hizo hakuna aliyefagia, wala aliyeoga, wala aliyechana nywele ndani ya nyumba. Mama alikuwa anakwenda kuoga kwa jirani. Ndivyo ilivyo kwetu maiti akiwa bado ndani.

Siku ya pili nilimwona Buko amejilaza chini ya jeneza, ana vumbi, macho yanamtoka maji. Nilimwonea huruma. Nikachukua chanuo la Lola, nikaanza na sikio la kushoto. Sijafika mbali nikashikwa mkono kwa nguvu hadi chanuo likaanguka. Alikuwa Bibi Pasing, mdogo wake Lola.

"Wee mtoto, una akili kweli? Unachana nywele kwenye nyumba yenye maiti?"

"Ni mbwa tu, Bibi."

"Nywele ni nywele! Haya, chana! Chana tuone kama marehemu hatakuja kumchukua na mama yako!"

Siku ya mazishi Mama alizimia makaburini. Watu walisema ni jua, tena alikuwa hajala tangu jana yake. Mimi nilikuwa na sababu yangu moyoni, na sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeshachana sikio moja.

Tuliporudi nyumbani Mama alinikalisha. Macho yake yalikuwa mekundu. "Liezel, Buko ni wako sasa. Mchane kila siku kama Lola alivyofanya. Sawa, mwanangu?"

"Sawa, Mama."

Nilisema sawa, lakini maneno ya Bibi Pasing hayakunitoka. Baba yangu alikwisha kwenda zake nikiwa mdogo. Nyumbani tulibaki Mama, mimi na Buko. Akichukuliwa Mama, ningebaki na nani?

Mama anafanya kazi ya kufua mashuka hospitalini. Anaondoka alfajiri na kurudi jioni, amechoka hata kuongea hawezi. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kumdanganya. Kila asubuhi nilichukua brashi laini, nikaipitisha juu juu ya mgongo wa Buko kama mtu anayefuta vumbi mezani. Chanuo sikuligusa. Nilijiambia kwamba kupitisha brashi juu si kuchana. Na kwa nje Buko alipendeza, manyoya yamelala vizuri, yanang'aa. Mama akirudi alimpapasa kichwani na kusema, "Hongera, unajitahidi." Kila aliponisifu nilijisikia vibaya.

Mwezi wa nane nilijipa moyo. Nililichukua chanuo, nikalipitisha kwenye paja la nyuma. Likakwama. Chini ya yale manyoya mazuri kulikuwa na kitu kigumu, kimeshikana kama zulia. Nikavuta. Buko akalia. Nikavuta tena, akanibana mkono kwa meno. Hakuning'ata, alinionya tu. Basi, jioni hiyo hiyo Mama akarudi na homa, anatetemeka. Nililichukua chanuo, nikalificha ndani ya droo ya cherehani. Nikaapa kwamba sitaligusa tena maisha yangu yote.

Homa ya Mama ilikwisha baada ya siku mbili. Mafundo ya Buko hayakuisha. Mwezi wa kumi ulipofika alianza kuchechemea, mguu wa nyuma wa kushoto hataki kuukanyagia.

"Huyu ana nini?" Mama aliuliza.

"Alichomwa na mwiba," nilisema. "Nimeshautoa."

Hakukuwa na mwiba. Sijui hata uongo ule ulitoka wapi haraka hivyo. Rafiki yangu Rhea, anayekaa nyumba ya pili, ndiye pekee aliyesema ukweli, tena kwa utani. "Shoga, mbwa wako ananuka kama soksi za kaka yangu."

"Ni mvua," nikamjibu. "Wewe ukilowa unanukia?"

Siku chache kabla ya sikukuu ya kuwakumbuka wafu, Mama alisema atapeleka mishumaa na maua kaburini, na kwamba Buko naye atakwenda. "Nataka Lola amwone kama alivyomwacha," alisema. "Jumamosi tunampeleka saluni kwa Manang Vilma. Akapunguzwe ncha tu, aoshwe, apendeze."

Nilishtuka. Manang maana yake dada mkubwa, na Vilma ni dada mkubwa wa mtaa mzima; anaosha na kunyoa mbwa tangu mimi sijazaliwa. Nikajua akimshika tu, harufu itanisema. Kwa hiyo Ijumaa mchana, Mama akiwa kazini, nilimwogesha Buko kwa sabuni nyingi, nikamwagia ndoo tatu za maji, nikamwacha juani akauke. Alipokauka alinukia vizuri. Nilichokuwa sijui ni kwamba manyoya yaliyofungana yakilowa halafu yakakauka, yanakaza. Usiku ule Buko hakulala, aliulamba mguu wake mpaka kukacha.

Jumamosi asubuhi Manang Vilma alitupokea mlangoni, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba na mikono yenye makovu ya kung'atwa. Kabla hajampokea mbwa alianza maswali yake. Ana umri gani? Amekula? Ana ugonjwa wowote? Anachanwa?

"Kila siku," Mama alijibu kwa fahari. "Huyu binti yangu ndiye anayemchana."

Manang Vilma akanigeukia. "Mpaka kwenye ngozi, Inday?"

Inday ni neno la kumwita msichana kwa upendo. Alivyolitamka, karibu niseme ukweli. Lakini Mama alikuwa ananitazama.

"Mpaka kwenye ngozi," nikasema.

"Na huu mguu?"

"Mwiba."

Akamchukua Buko. Sisi tukaenda sokoni kununua mishumaa. Hatujamaliza hata kuchagua, simu ya Mama ikalia. Nilisikia sauti ya Manang Vilma ikitoka kwenye simu. Alisema mbwa hachaniki, amefungana mwili mzima, lazima anyolewe yote.

"Hapana!" Mama alipaza sauti, watu wakageuka. "Usimnyoe! Yale manyoya yameshikwa na mikono ya mama yangu. Unataka kumaliza haraka ushike mwingine, siyo? Nakuja."

Tulipofika, Buko alikuwa juu ya meza. Mwili wote ulikuwa bado na manyoya, isipokuwa mguu wa nyuma wa kushoto. Huo ulikuwa uchi. Juu ya kifundo kulikuwa na kidonda kimezunguka mguu mzima kama pete, na chini yake wayo umevimba, umekuwa wa zambarau. Mama alishika mdomo.

"Umemkata!"

"Sijamkata, dada yangu," Manang Vilma alisema taratibu. "Huu mguu niliufungua bila kukusubiri kwa sababu ulikuwa baridi. Manyoya yamejisokota yakawa kamba, yakamfunga. Hiki kidonda ni cha wiki nyingi, na jana au juzi kuna kitu kimekikaza zaidi. Damu haifiki chini. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Siyo kesho, leo."

"Wiki nyingi? Mtoto wangu anamchana kila siku! Kingekuwepo asingekiona?"

Manang Vilma aliweka chini mashine yake ya kunyolea. Alinitazama mimi. Alisubiri. Nakumbuka mlio wa feni na maji yakidondoka kwenye sinki. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nafasi nzuri kabisa, na nikatazama vigae vya sakafu.

Mama akambeba Buko. Kabla ya kutoka akaupiga picha ule mguu, na tulipofika nyumbani akaitupia picha kwenye kundi la simu la mtaa. Aliandika kwamba Manang Vilma amemjeruhi mbwa wetu kwa mashine na hana hata haya ya kukubali. Kisha akakipaka kidonda dawa ya mafuta, akakifunga kitambaa safi. "Ni mkato wa mashine," alisema. "Utapona wenyewe."

Mimi nilikaa kando. Mimi peke yangu nyumba nzima nilijua kwamba hautapona.

Jumapili asubuhi Buko hakula. Pua yake ilikuwa ya moto, na chini ya kitambaa kulianza kutoka harufu nisiyotaka kuielezea. Rhea alikuja mbio baada ya misa. "Umesikia? Mama yangu amesema hatampeleka tena mbwa wetu kwa Manang Vilma. Na mama Toto naye amekataa. Wanasema yule ni mchinjaji!"

"Siyo mchinjaji," nilisema.

"We unamtetea? Si mbwa wako ndiye aliyekatwa?"

Nikaingia ndani nikamwacha amesimama.

Adhuhuri mtu aligonga geti. Alikuwa Manang Vilma mwenyewe, kavaa nguo zake za kanisani. Nilidhani amekuja kugombana. Mama naye alidhani hivyo, akamwanza yeye: "Umekuja kuniomba nifute? Sifuti!"

"Usifute," Manang Vilma alisema. "Sema lolote upendalo juu yangu. Nimekuja kwa ajili ya mbwa. Amekwenda kwa daktari?"

"Hayakuhusu."

"Dada, huyo mbwa akifika kesho hajatibiwa atakufa. Nakuomba. Mimi nichukie, lakini yeye mpeleke."

Mama alifunga geti. Mlio wake ulinipasua moyo. Nilimtazama Buko kwenye boksi lake. Alijaribu kutikisa mkia aliponiona, mara moja tu, halafu akaacha.

Nilimfuata Mama jikoni. Alikuwa anaosha sufuria kwa hasira.

"Mama, hajamkata. Ni mimi. Sijawahi kumchana Buko tangu Lola afe."

Aliacha kuosha. "Unasema nini?"

"Nilikuwa napitisha brashi juu tu. Hakuna mwiba. Na Ijumaa nilimwogesha ili asinuke, Manang asijue."

"Kwa nini, Liezel?" Alinigeukia, na mikono yake inatiririka povu. "Kazi ya dakika kumi! Kwa uvivu tu umemfanya mbwa wa mama yangu aoze mguu?"

"Siyo uvivu!" nililia. "Bibi Pasing alisema nikichana Lola atakuja kukuchukua. Na mimi nilikuwa nimeshachana sikio, halafu ukazimia makaburini! Halafu nikajaribu tena, ukapata homa! Nilikuwa naogopa utakufa, Mama. Nilikuwa naogopa utakufa nibaki peke yangu!"

Mama aliteleza taratibu mpaka akakaa chini, mgongo ukiegemea kabati. Alinivuta akanikumbatia na mikono yake yenye maji, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimsikia akilia kwa sauti.

"Ule mwiko unaisha jeneza likitoka mlangoni," alisema baadaye. "Kila mtu mzima anajua. Hakuna aliyekuambia?"

"Hakuna."

"Miezi minne," alisema. "Miezi minne umebeba mzigo huo na mimi sikuuliza hata siku moja. Hilo ni kosa langu. Lakini mwiba, na lile ulilomwambia Manang, na kunyamaza kwako jana, hayo ni yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Haya, mlete Buko."

Hatukumjua daktari wa mifugo anayefungua Jumapili. Kwa hiyo tulikwenda mbio mpaka kwa Manang Vilma, Mama amembeba Buko kifuani, mimi nalia njia nzima. Manang alitufungulia, akatutazama nyuso zetu, na wala hakuuliza. Alichukua simu, akampigia daktari anayemfahamu, akaita traysikel, ile pikipiki yenye kiti cha abiria ubavuni, akapanda na sisi.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alifungua kitambaa, akabonyeza wayo, akasubiri, akabonyeza tena. Nilimwambia kila kitu mwenyewe: lini alianza kuchechemea, lini nilimwogesha, lini kamba ile ilifunguliwa. Sikubakiza neno.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Jana asubuhi labda ningeuokoa mguu. Leo sumu imeshapanda. Ninaweza kumwokoa yeye, lakini mguu lazima uondoke."

Jana asubuhi. Jana asubuhi nilikuwa nimesimama natazama vigae.

Buko alibaki kwa daktari siku sita. Jioni ile ile Mama alifuta picha, na mimi nikamwomba simu. Niliandika kwenye kundi la mtaa, kwa jina langu, kwamba Manang Vilma hakumkata mbwa wetu, kwamba yeye ndiye aliyefungua kilichokuwa kinamuua, na kwamba mimi nilidanganya. Baadhi ya watu waliniandikia maneno makali. Nilistahili. Bibi Pasing alimpigia Mama simu, akasema alinitisha tu kama watoto wanavyotishwa siku zote, hakudhani ningeyashika maneno yake hivyo. Alilia kwenye simu.

Siku ya wafu tulikwenda kaburini bila Buko. Familia zote zilikuwepo, mishumaa imewaka, watoto wanakimbizana, watu wanakula wali na kuku juu ya mikeka. Mimi nilikaa karibu na jiwe la Lola nikamsimulia yote kwa sauti ya chini. Niliomba msamaha. Nilingoja nijisikie mwepesi, sikujisikia.

Nyuzi za kidonda cha Buko zilipotolewa tulimpeleka saluni kwa Manang Vilma. Safari hii Mama alisema, "Mnyoe yote." Manang alimnyoa taratibu, akinionyesha kila fundo lilipokuwa limejificha: nyuma ya masikio, kwapani, ndani ya mapaja, pale kola inaposugua. Manyoya yalitoka yameshikana kama ngozi ya kondoo. Chini yake Buko alikuwa wa waridi, mwembamba, mwili umejaa madoa mekundu. Mama aligeukia ukutani. Kisha alimwendea Manang Vilma, akamshika mikono yote miwili, akamwomba msamaha mbele yangu.

"Yamekwisha, dada," Manang alisema. Akafuta mashine yake, akanitazama. "Wewe njoo hapa, Inday. Watu wanadhani kazi yangu ni kupendezesha mbwa. Kazi yangu ni kuangalia ngozi. Ndiyo maana chanuo lazima lifike chini, na ndiyo maana unachana kwanza ndipo unaogesha, siyo kinyume. Likikwama, usivute na usifiche, niletee nimwone. Hayo unaweza kujifunza kwa siku moja."

"Ndiyo, Manang."

"La pili ni gumu zaidi. Mimi mlangoni pangu nauliza maswali mengi, watu wanachoka. Nauliza kwa sababu mbwa hawezi kusema. Anaumwa, amenyamaza. Mwenye mbwa ndiye mdomo wake. Siku ile uliponiambia 'mpaka kwenye ngozi', hukunidanganya mimi. Ulimfunga Buko mdomo. Ukiogopa, sema unaogopa. Ukikosea, sema umekosea, hata kama mama yako amesimama hapo. Ukweli uliochelewa siku moja tu umekula mguu mzima."

Nilimbeba Buko mpaka nyumbani.

Sasa manyoya yake yameanza kuota tena. Namchana kila asubuhi, mpaka kwenye ngozi, na Mama ni mzima wa afya. Lakini Buko akiamka bado anasahau. Anaukanyagia ule mguu ambao haupo, anaanguka ubavu, anajizoazoa, halafu anakuja kwangu anatikisa mkia. Hana kinyongo nami hata kidogo. Laiti angekuwa nacho, nisingeumia hivi.